Shukrani za Mzee Ludoviko kwa Paa la Almost

Palikuwa na nchi iliyoitwa Mbioni. Msiitafute kwenye ramani, kwa kuwa wachoraji wa ramani wa nchi ile waliishiwa wino kabla hawajafika mpakani, nasi tunaojua ilipo tuna familia za kulisha. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na bendera, wimbo, mihuri mingi kuliko barua, na Kiongozi mmoja ambaye jina lake la heshima lilikuwa Baba Mkamilishaji. Alipewa jina hilo mwaka alioweka mawe ya msingi mengi mno, mpaka mawe ya nchi yakaisha na mengine yakaazimwa kwa majirani.

Kwa muda mrefu serikali ya Mbioni ilikuwa ikiwaambia wananchi kwamba mambo yote yako kwenye mchakato. Maji yako kwenye mchakato, dawa ziko kwenye mchakato, na waliopotea wanatafutwa kwa mchakato. Neno lile lilifanya kazi nzuri, lakini mwisho likachakaa. Ikafika hata mtoto akiulizwa na mama yake kama ameosha vyombo, anajibu kwamba vyombo viko kwenye mchakato. Hapo Baraza la Mawaziri likaona hatari.

Bahati njema Baba Mkamilishaji alisafiri kwenda mkutano ng'ambo. Huko, akiwa anasinzia kwenye kiti cha mbele, akamsikia mtaalamu mmoja wa Kizungu akiitaja Mbioni pamoja na neno ambalo hakuwahi kulisikia: almost. Akamwuliza msaidizi wake maana yake. Msaidizi, ambaye alikuwa na watoto wengi shuleni, akasema ni neno la sifa. Baba Mkamilishaji akawa analitamka ndani ya ndege njia nzima, akaliona laini, halina ncha, linateleza ulimini kama bamia. Ndege ilipotua, neno likaingia nchini bila kulipiwa ushuru.

Wiki ileile ukatoka waraka. Kuanzia sasa kila mradi wa serikali utatajwa pamoja na neno almost. Neno hilo lisitafsiriwe katika lugha yoyote ya wananchi, kwa sababu tafsiri hupunguza utamu, na atakayelitafsiri atahesabiwa kuwa mchochezi. Ili watu wasihangaike na maana, Wizara ya Habari ilitoa maana rasmi, ikasomwa redioni kila siku baada ya matangazo ya vifo: "Almost ni ukamilifu wenye adabu."

*

Kijiji cha Subira kilichelewa kuupata waraka huo, maana barabara yake ilikuwa almost. Kijijini hapo aliishi Mzee Ludoviko Msigala, mfyatua matofali, mtu mrefu na mkavu aliyesimama wima hata siku ambazo mgongo ulimkataza. Nusu ya nyumba za Subira zilitoka katika tanuru lake. Alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, hakuwahi kulitoa tofali bichi akamwambia mtu limeiva. La pili, hakuwa msemaji. Katika harusi ya mwanawe wa kuzaa, alipopewa nafasi ya kuwaasa maharusi, alisimama, akasema, "Kaeni vizuri," kisha akaketi, na sherehe ikaendelea.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa wodi ya wazazi. Wananchi walikuwa wameambiwa kwamba wao wakisimamisha boma, yaani kuta bila paa, serikali italeta mabati. Basi wakasimamisha. Wanawake walibeba maji na mchanga, wanaume wakabeba mawe, seremala Bosko akapandisha kenchi, zile mbao za kubebea paa, bila kudai ujira, na Mzee Ludoviko akachoma matofali mpaka nyusi zikaungua. Boma likasimama zuri na nyoofu, likangoja mabati.

Na mabati yalikuja kweli. Yalipita kijijini juu ya lori mchana kweupe, watu wakayapigia vigelegele, halafu lori halikusimama. Likapanda kilimani kwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Gaudensi Nyalusi, ambaye alieleza kwa upole kwamba mabati mapya hayawezi kuachwa ovyo yakanyeshewa. Kwa hiyo, ili kuyakinga na mvua, aliyapigilia juu ya mabanda yake ya kuku. Ukisimama ndani ya wodi na kutazama juu uliona mbingu. Ukitoka nje na kutazama kilimani uliona mabati yanameta, na chini yake kuku wakiwa wameketi pakavu, kuku ambao hawakujua hata neno moja la Kiingereza.

Masika iliyotangulia, Felista, mke wa Bosko, alishikwa na uchungu wakati mto umefurika na hospitali iko ng'ambo yake. Akajifungulia ndani ya boma. Wanawake walimshikia turubai, upepo ukalinyakua, na mtoto akazaliwa mvua ikimmwagikia mama yake usoni. Wakamwita Masika. Aliishi, lakini kifua chake kiliendelea kukoroma kama cha mvuta tumbaku. Sasa mawingu ya masika nyingine yalikuwa yameanza kujikusanya, na Perpetua, mjukuu wa Mzee Ludoviko, aliyelelewa naye tangu mama yake alipofariki, alikuwa anatembea ameshika kiuno. Mkunga alisema mtoto hatasubiri mvua ziishe.

*

Kwa kuwa waraka uliagiza kila mwananchi mtu mzima alijue neno la serikali kabla ya mvua, kukafunguliwa darasa la jioni katika shule ya msingi, na Mwalimu Hamdani akapewa kulifundisha. Mwalimu Hamdani alikuwa kijana mwembamba, mwenye mkopo wa pikipiki na hofu ya kuhamishwa. Mzee Ludoviko aliketi dawati la mbele, magoti yakimgusa kidevu, na penseli aliyoichonga kwa panga. Nyuma yake aliketi mkewe, Bi Skolastika, ambaye alidai amekuja tu kuhakikisha kwamba mzee hasinzii.

Mwalimu aliandika neno ubaoni, akalisoma, darasa likalisoma. Kisha akasema kwamba maana haruhusiwi kuitoa, ila mifano hakuna aliyemkataza. Akatoa mfano wa sufuria: iko jikoni, maji almost yamechemka.

"Naweza kumimina unga?" akauliza Bi Skolastika.

"Hapana, bibi. Utapata uji wa kumwagia kuku."

Akatoa mfano wa mbuzi: amekata kamba, mwenyewe amemfukuza mpaka kwenye shamba la watu, almost amemkamata.

"Na huyo mbuzi sasa yuko wapi?" akauliza Bosko.

"Anakula mahindi ya watu."

Darasa likacheka, lakini Mzee Ludoviko hakucheka. Alikuwa akiligeuzageuza lile neno kichwani kama alivyozoea kuligeuza tofali mkononi, akitafuta ufa. Mwisho akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Mtu ambaye almost amekufa, tunamzika?"

"Hapana, mzee. Huyo ni mzima."

"Na mwanamke ambaye almost amejifungua?"

Mwalimu Hamdani akautazama mlango, akalitazama dirisha, akajifuta chaki mikononi ingawa chaki ilikuwa imekwisha futika.

"Huyo mtoto bado yumo tumboni, mzee."

"Basi kitu kikiwa almost, hakijawa."

"Mimi sijasema hivyo," akasema mwalimu haraka.

"Hujasema," Mzee Ludoviko akakubali, akaiweka penseli nyuma ya sikio. "Umefundisha vizuri sana."

Njiani kurudi nyumbani Bi Skolastika alimtania kwamba mzee mzima ameteseka kwenye dawati la watoto kwa ajili ya neno moja. Alimwuliza kama jioni ya kesho atafundishwa la pili. Walikuwa wamefika penye wodi, na Mzee Ludoviko alikuwa amesimama akizitazama kenchi, mifupa mitupu, na wingu jeusi lililokuwa likipita juu yake.

"Mama," alisema baadaye, "kumbe hawa watu wanatuambia ukweli siku zote. Sisi ndio hatukusoma."

*

Haukupita muda ikaja habari kwamba wodi ya Subira itafunguliwa rasmi, na mgeni wa heshima ni Waziri wa Ukamilishaji, Mheshimiwa Aristariko Mbonde, ambaye aliitwa Daktari kwa sababu chuo fulani kilikuwa almost kimempa shahada.

Ili mambo yaliyofuata yaeleweke, lazima kwanza itajwe Sheria ya Shukrani Kamili. Ilitokea kwamba waziri mmoja wa zamani, akisikia harufu ya pilau kwenye hafla fulani, alinyanyuka na kwenda zake wakati mwananchi akitoa neno la shukrani. Baba Mkamilishaji aliliona jambo hilo kwenye televisheni na hakulala. Waziri yule alipelekwa kuwa balozi katika kisiwa ambacho kilikuwa bado hakijagunduliwa. Kisha ikatungwa sheria: yeyote aliyeketi katika hafla ya serikali, awe mkubwa kiasi gani, haruhusiwi kuinuka kitini wala kumkatiza msemaji kabla neno la shukrani halijakwisha, kwa kuwa shukrani ni za Baba Mkamilishaji, na anayezipa kisogo amempa kisogo yeye. Aliyeiandika sheria hiyo kwa mkono wake, na kupandishwa cheo kwa ajili yake, ni huyuhuyu Mheshimiwa Mbonde.

Kwa hiyo kazi kubwa katika kila hafla ya Mbioni ilikuwa kumpata mtoa shukrani mfupi. Mtendaji wa kijiji, Bwana Timotheo, hakufikiri sana. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ludoviko, akakaribishwa kigoda, akasifu kuku, akasifu uwanja, kisha akatoa alichokijia. Alieleza kwamba kijiji kizima kimemwona mzee ndiye anayefaa, kwa busara zake.

"Busara zangu zipi?" akauliza Mzee Ludoviko.

"Zile za kusema asante na kukaa, mzee wangu. Asante, halafu unakaa. Kama kwenye harusi."

Mzee Ludoviko akafikiri. Akauliza kama mabati yatakuwa yameshushwa kilimani siku hiyo. Bwana Timotheo akacheka kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake, akasema kwamba paa liko almost, na kwamba Mheshimiwa atalifungua hivyohivyo. Tarehe ya sherehe imeshachapwa kwenye fulana. Mzee akasema sawa, atashukuru.

Mtendaji alipoondoka, Bi Skolastika aliyekuwa akichambua mchele kando aliweka ungo chini.

"Utawashukuru watu hawa? Mjukuu wako atazaa kwenye matope, wewe umeshika kipaza sauti unashukuru?"

"Nitawashukuru kadiri walivyonipa," akasema Mzee Ludoviko. "Sitazidisha."

Bi Skolastika alimtazama kwa muda. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, na alijua tofauti ya kimya cha kuchoka na kimya cha tanuru lililozibwa mdomo huku moto uko ndani. Akarudia kuchambua mchele wake, akitabasamu.

*

Siku ya hafla lilijengwa hema la wageni, likajazwa viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Viti vya wananchi vilikuwa almost vimefika, kwa hiyo wananchi walisimama tangu asubuhi. Kutoka kilimani kwa Mkuu wa Wilaya kulikuja harufu ya kuku wa kukaanga, maana mwenye mabati ndiye aliyekuwa mwenyeji wa chakula. Televisheni ya Taifa ilikuwepo, ikirusha moja kwa moja, na ilijulikana kwamba Baba Mkamilishaji yuko Ikulu anatazama, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Mheshimiwa Mbonde alipanda jukwaani, akanywa maji, akahutubia. Alisema wodi hii ina kuta, ina milango, ina madirisha, na upande wa juu imebakiza neno dogo tu la Kiingereza. Alisema wapo wachochezi wanaouliza paa liko wapi. Aliwajibu kwamba nchi zilizoendelea leo zinalilia hewa safi, zinainunua kwenye mitungi, na hapa Subira serikali imeileta bure, kwa wingi, kutoka juu.

"Mtoto atakayezaliwa humu," alisema, "kitu cha kwanza kukiona kitakuwa anga ya taifa lake."

Mshereheshaji akaomba makofi. Bi Skolastika, aliyekuwa mstari wa mbele, akainua mikono, akaileta pamoja kwa nguvu, na viganja vilipobakiza upana wa kidole akavisimamisha. Waliokuwa jirani naye walielewa papo hapo, kwa kuwa wote walikuwa wamehitimu darasa la Mwalimu Hamdani. Kijiji kizima kikapiga makofi yale. Mamia ya viganja vilikimbiliana na kusimama, vikakimbiliana na kusimama, wala hakukusikika kitu ila upepo kwenye kitambaa cha hema.

"Hawa wana nini?" Mheshimiwa akamwuliza Bwana Nyalusi kwa mnong'ono ambao kipaza sauti kiliunasa.

"Wanapiga makofi, Mheshimiwa," akajibu Mkuu wa Wilaya huku akitokwa jasho. "Almost. Kwa mujibu wa waraka."

Mheshimiwa alifungua mdomo, akaikumbuka kamera, akaufunga. Akakata utepe, akajaza nafasi ya makofi kwa kunywa chupa nyingine ya maji, akaketi. Mshereheshaji akamwita Mzee Ludoviko Msigala kwa neno la shukrani, neno fupi, alisisitiza, maana chakula kinapoa.

*

Mzee Ludoviko alikuja polepole, amevaa koti lake la kanisani. Akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika kifaranga.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "nimeletewa wodi almost. Mimi si mtu wa kumrudishia mgeni zaidi ya alichonipa, maana atajiona amedharauliwa. Kwa hiyo kijiji cha Subira kinamshukuru Baba Mkamilishaji. Almost."

Kisha akanyamaza.

Wageni wakangoja. Mheshimiwa akatabasamu na kushika mikono ya kiti, tayari kuinuka. Mzee hakurudi mahali pake. Alisimama tu, wima, kipaza sauti mkononi, akiitazama wodi. Mshereheshaji akamsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini kama amemaliza.

"Almost," akajibu Mzee Ludoviko ndani ya kipaza sauti, na Mbioni nzima ikasikia.

Mheshimiwa akajirudisha kitini. Akaitazama sheria yake kichwani mwake, mstari kwa mstari, akitafuta mlango, na kama ilivyo kwa mtu aliyejenga ukuta mwenyewe, alijua kwamba mlango hakuuweka. Haikuandikwa kwamba mtoa shukrani lazima awe anasema. Iliandikwa kwamba asikatizwe mpaka amalize. Na huyu hajamaliza.

Kimya kikaendelea. Mpiga picha, kwa kukosa la kufanya, akamsogelea Mzee Ludoviko kwa kamera mpaka uso wake ukajaa kioo cha televisheni: uso mkavu, usio na nyusi. Hapo simu ya Mheshimiwa ikalia. Ilikuwa Ikulu. Waliokuwa karibu walimwona akiipokea kwa mikono miwili na kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo mtukufu. Baba Mkamilishaji alikuwa amepiga mwenyewe. Alisema hajapata kuona shukrani nzito namna ile. Mzee wa watu amezidiwa mpaka ameshindwa kusema. Ole wake atakayemharakisha. Na yeye mwenyewe hatatoa miguu kwenye beseni mpaka mzee amalize.

Basi wakakaa. Chakula kikapoa, na harufu yake ikaacha kuja. Maji yote aliyokunywa Mheshimiwa wakati wa hotuba yakaanza kudai haki zao, akawa anabadilisha mkao, mguu huu juu ya ule, ule juu ya huu. Na juu ya kilima wingu moja likashikana na jingine.

"Nyalusi," Mheshimiwa akasema kati ya meno, "huyu mzee anataka nini?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Mwulize."

Mkuu wa Wilaya hakuweza kuinuka kwenda kumwuliza, kwa hiyo akauliza kutoka kitini kwa sauti ya kubembeleza: mzee wetu, baba yetu, shukrani zitaisha lini?

Mzee Ludoviko akageuka, akamtazama kama anayemtazama mteja aliyekuja kununua tofali kwa mara ya pili bila kulipia la kwanza.

"Zitaisha paa likiisha," alisema. "Nimetembea na nyinyi sawasawa, mwanangu. Mlipoishia ndipo nilipoishia. Mkisogea, nami nasogea."

Upande wa wananchi watu wakaguna. Mheshimiwa akauliza mabati yako wapi. Bwana Nyalusi akajibu kwamba yamehifadhiwa. Mheshimiwa akauliza wapi. Bwana Nyalusi akaanza kueleza taratibu za uhifadhi, lakini kijiji kizima kilikuwa kimekwisha geuka na kutazama kilimani, na kamera ya Taifa, ambayo kazi yake ni kufuata macho ya watu, ikageuka nayo. Mabanda ya kuku yakatokea kwenye televisheni, yakimeta.

"Yashushwe," akasema Mheshimiwa.

"Lakini Mheshimiwa, kuku wa kisasa, wataloa..."

"Yashushwe, Nyalusi!"

*

Wageni hawakuweza kuinuka, lakini sheria ilimtaja aliyeketi, na wananchi hawakuwa wamepewa viti. Kwa hiyo wananchi wakaenda. Walipanda kilima kama siafu, wakateremka na mabati vichwani, mengine bado yana kinyesi cha kuku, huku kuku wenyewe wakiwafuata nyuma kwa makelele. Bosko akavua shati, akapanda kwenye kenchi zake. Kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya Mkuu wa Wilaya, ikabidi misumari mipya ipite humohumo, na palipozidi wakaziba kwa lami. Wanaume walipigilia, wanawake wakapokezana mabati, Mwalimu Hamdani mwenyewe akashika ngazi, amesahau kabisa kuhamishwa.

Muda wote huo Mzee Ludoviko alisimama na kipaza sauti. Kila mara Mheshimiwa alipomtazama kwa macho ya kuuliza, alilijibu swali kwa neno moja la serikali.

Mvua ilikuja upande mmoja, kama kawaida ya masika, ikitanguliwa na upepo. Upepo ulilipima hema la wageni, ukaona halikufungwa vizuri, maana kamba zake zilikuwa almost, ukalibeba mpaka kwenye shamba la mihogo. Wageni wakabaki kwenye viti vyao vyeupe katikati ya uwanja, wameloa chapachapa, suti zimewaganda, hakuna aliyethubutu kuinuka, kwa kuwa mpiga picha alikuwa amekimbilia barazani mwa wodi na kuendelea kurusha kutoka hapo. Watu wa Subira walikuwa wote ndani na barazani, pakavu. Mzee Ludoviko alirudi kinyumenyume na kipaza sauti mpaka mlangoni, waya ukamfikisha.

Perpetua alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kwanza kati ya vilivyoletwa kwa ajili ya sherehe, mikono juu ya tumbo, akitazama juu. Felista alikuwa pembeni yake na mtoto Masika mgongoni. Mvua ikapiga bati kwa kishindo, na Felista akajiinamia kwa mazoea, akangoja kuloa, asiloe.

"Vipi humo, mama?" Mzee Ludoviko akauliza. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote za uwanjani.

"Pakavu, babu," akasema Perpetua. Uwanjani Mheshimiwa akashika mikono ya kiti. "Isipokuwa hapa pembeni, juu ya mto wa kulalia. Linadondoka tone."

Mzee Ludoviko aliingia, akasimama chini ya pembe ile, akanyoosha kiganja. Tone likaanguka. Akangoja. Likaanguka jingine. Akarudi mlangoni, akawatazama wageni wa heshima waliokuwa wamemwinulia nyuso zilizoloa.

"Mheshimiwa," alisema, "almost."

Wengine wanasema ilikuwa ni mvua, wengine wanasema ilikuwa ni yale maji ya chupa. Lolote liwalo, Mheshimiwa Daktari Aristariko Mbonde, Waziri wa Ukamilishaji, akiwa mbele ya kamera ya Taifa, alipaza sauti kuliko ngurumo.

"Almost maana yake haijaisha! Haijaisha! Wewe fundi, panda ukamalize!"

Basi hivyo ndivyo neno la serikali lilivyotafsiriwa nchini Mbioni, na aliyelitafsiri si mchochezi kutoka Subira.

Bosko akapanda kwenye mvua na msumari na kipande cha lami. Ikasikika nyundo. Ndani, Perpetua alikaa ametazama juu, na kijiji chote nyuma yake kikatazama juu, mpaka akaunyoosha mkono wake juu ya mto na kuuacha hapo.

"Limekatika, babu."

Mzee Ludoviko akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Nimemaliza," alisema. "Asante."

Akakizima, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu mgongo ulikuwa umemuuma tangu adhuhuri. Mbele yake Bi Skolastika akainua mikono yake, akaileta pamoja, na safari hii haikusimama. Halafu wote wakapiga, na mvua ikapiga juu, mpaka haikujulikana lipi ni bati na vipi ni viganja. Uwanjani wageni walikuwa wameinuka wanakimbilia magari, wa kwanza akiwa Mheshimiwa, aliyelipita gari lake akaingia kwenye mihogo.

*

Mtoto wa Perpetua alizaliwa kabla mvua hazijakatika, akiwa mkavu isipokuwa maji aliyokuja nayo. Mtendaji alipendekeza apewe jina la Baba Mkamilishaji. Bi Skolastika akamjibu kwamba mtoto amekwisha timia, hahitaji kuongezewa kitu. Mheshimiwa Mbonde naye yuko safarini kwenda ubalozini, katika kile kisiwa, ambacho meli yake bado inakitafuta.

Nami niliyesimulia naishia hapa, na nikisema naishia, naishia. Ila redioni, baada ya matangazo ya vifo, wametangaza kwamba serikali imeagiza kutoka ng'ambo neno jipya, bora kuliko lile, na madarasa ya jioni yatafunguliwa tena. Huko Subira Mzee Ludoviko amekwisha ichonga penseli yake. Dawati la mbele ni lake.